Kikohozi cha Wakati wa Mahubiri

Vijana wangu wa darasa la sanaa pale Majengo, juzi mlinialika nije kuwaeleza sanaa ni nini na ina kazi gani katika jamii. Kabla sijaanza nikawauliza ninyi kwanza. Mkanijibu wote kwa sauti moja, kama mnaitikia litania: "Kuelimisha, kuburudisha na kuonya jamii!" Yule binti wa mbele mwenye miwani akaongeza kwa furaha, "Na sanaa ni kioo cha jamii, Bibi!" Nikawapigia makofi, nikanywa soda yenu, nikapanda gari kurudi kwangu mlimani.

Njiani nikajilaumu. Jibu hilo hilo mimi nililiandika kwenye mtihani nikiwa na umri wenu, nikapata vema. Nikaenda nalo kazini, na kule kazini likaniaibisha vibaya. Sasa goti limekataa kushuka tena mjini wiki hii, kwa hiyo nimekaa barazani na daftari, na mnachokosa kwa mdomo mtakipata kwa maandishi. Msitegemee nadharia. Nitawasimulia kikohozi.

Nilikuwa afisa utamaduni kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipoajiriwa nilidhani nitapewa ofisi yenye ngoma ukutani. Nikapewa nusu ya meza. Nusu nyingine ilikuwa ya afisa mifugo, na chumba chetu kilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wiki ya kwanza akaja mzee mmoja na mbuzi anayeharisha, akanikuta peke yangu.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Mwenzangu katoka."

"Marahaba. Na wewe unatibu nini?"

"Mimi ni wa utamaduni."

Akanitazama kwa muda, akamtazama mbuzi wake, akasema, "Pole sana, mwanangu." Akakaa kumsubiri mwenzangu.

Ile pole ilinikaa moyoni. Nikaapa kwamba siku moja watu wa mlima huu watakuja kwangu wenyewe, wakiwa na haraka kuliko mwenye mbuzi. Walikuja, tena watano kwa siku moja, na mmoja alikuja na fimbo. Lakini ili mwelewe walichonifuata, lazima kwanza niwaeleze habari ya mfongo, maana najua wengine wenu maji mnayajua ya bomba tu.

Mfongo ni mfereji wa maji uliochimbwa na babu zetu kwa mikono, unaotoka mtoni kule juu msituni na kushuka kupita kwenye vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, yenye migomba na kahawa na makaburi ya wazee. Kila kihamba kina mdomo wake kwenye mfongo. Ikifika zamu yako unafungua mdomo, maji yanaingia kwako. Zamu ikiisha unauziba kwa mawe, matope na vipande vya mgomba, yanaendelea kwa mwingine. Kijiji chenyewe sikitaji jina. Watu wake bado wana kumbukumbu nzuri.

Mimi nilizaliwa chini kabisa ya mfongo huo, nikaolewa juu kabisa, karibu na yanakotoka maji. Mume wangu, Evarist, alikuwa anafundisha Tarakea na alirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo niliishi na baba mkwe wangu, Mzee Apolinari. Alikuwa mjane, mtu wa sala, mpole, mmoja wa wazee wa kamati ya mfongo. Nilimpenda kama baba yangu mzazi. Asubuhi nashuka ofisini, jioni napanda, na Jumapili nafanya kazi zote za mkwe: napika mtori, nafua, nasafisha viatu vya mzee alivyoendea kanisani.

Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha. Zamu ya watu wa chini ilikuwa Jumapili, na kila Jumapili maji yalikuwa yakianza safari vizuri alfajiri, halafu ikifika saa ya Misa ya pili yanapotea. Misa ikiisha yanarudi kidogo kidogo, na zamu nayo inaisha. Mama yangu, ambaye kihamba chake ndicho cha mwisho, alikuwa akipata kamkondo ambako bata hawezi kuoga. Migomba ikawa ya njano. Mikungu ikawa inatoka na vidole kama vya mtoto mchanga.

Siku moja akaniambia, "Perpetua, nikivuna mkungu mmoja zaidi wa aina hii, nafunga mlango naenda kwa kaka yako Dar."

"Na kaburi la baba?"

"Baba yako hanywi maji. Mimi nakunywa."

Alisema kwa ukali, lakini mkono wake ulikuwa umeshika mgomba ule ulio karibu na kaburi, na hakuuachia. Nilirudi juu nalia njia nzima. Mama akiondoka, nyumba ya baba inakufa, na hakuna mtu kwetu anayeweza kusema neno hilo akala chakula siku hiyo.

Kijiji kilikuwa karibu kushikiana mapanga. Watu wa chini waliwashuku watu wa juu, watu wa juu walisema mto umepungua, na kila mmoja alikuwa na shahidi. Ndipo mtendaji wa kijiji akaniita. "Dada wa utamaduni, ninyi si ndio mnaoelimisha jamii? Tutengenezee mchezo."

Nikaona saa yangu imefika.

Mchezo wangu wa kwanza uliitwa "Mwizi wa Maji ni Adui wa Maendeleo". Msicheke, nilikuwa na cheti. Mwizi aliigizwa na mlinzi wa shule. Nilimfunga mto tumboni, nikampaka masizi usoni, nikamfundisha kicheko cha kutisha. Alikuwa anaiba maji huku akisema, "Ha! Ha! Ha! Mimi sijali jamii!" Mwishoni mgambo wanamkamata, na mimi mwenyewe natokea na kusoma ujumbe kwa dakika kumi na mbili. Mbwa wa mtu alipanda jukwaani wakati wa ujumbe akalala, na huo ndio uliokuwa uigizaji bora wa siku ile.

Lakini makofi, ndugu zangu! Watu walishangilia hadi kunguru wakahama. Kila mtu alikuwa anampiga jirani yake kiwiko: "Umemwona? Umemwona ndugu yako yule?" Watu wa juu walinyoosha vidole kwa watu wa katikati, wa katikati kwa wa juu. Baba mkwe wangu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, leo umewapasha!"

Jumapili iliyofuata maji yalipotea mapema zaidi.

Nilikuwa na desturi ya kupitia kwa Mzee Shabani, fundi cherehani wa hapo hapo Majengo, si mbali na mnaposomea ninyi. Alikuwa anashona sare za vikundi vyetu vya ngoma. Ujanani alikuwa mchekeshaji, na alipokuwa anakupima mabega ungecheka mpaka vipimo vinakosewa. Mlezi wangu wa kweli katika kazi hii ni yeye, na hajawahi kuandika mtihani wowote wa sanaa.

Nikamweleza yote. Akasikiliza huku akikanyaga cherehani. Nilipomaliza akauliza, "Huyo mwizi wako, ukikutana naye njiani, ungemkaribisha chai?"

"Nimkaribishe mwizi?"

"Basi ndiyo maana hakuna aliyemtambua. Wezi wote ninaowajua mimi, binti yangu, nimekunywa nao chai. Tena wengine ni watu wazuri kuliko wewe."

"Sasa nifanye nini?"

"Futa masizi. Toa mto tumboni. Mpe maneno matamu. Mtu hawezi kujiona kwa mtu mbaya, kwa sababu hakuna anayejijua kuwa ni mbaya. Mtengenezee mtu ambaye wanampenda, halafu mwache aibe."

Nilichukia. Nilisema hiyo ni kutetea uovu. Akasema sawa, basi endelea kuelimisha, na akaniuliza kama mama yangu ameshakata tiketi ya basi. Nikakaa chini.

Usiku ule sikulala vizuri, lakini mwizi alikuja mwenyewe, na alikuja haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumbuni. Nilimpa jina la Mzee Kiriba baada ya kupitia daftari la wakazi na kuhakikisha hakuna mtu mwenye jina hilo. Na hili mlishike, jina la mhusika litafutwe kwanza kwenye daftari la kijiji. Mzee Kiriba ni mtu wa ibada. Jumapili anakaa kanisani, na padre akianza kuhubiri tu, kikohozi kinamkaba. Anatoka nje taratibu ili asisumbue wenzake. Akishatoka anapona, anakimbia mfongoni, anafungua mdomo wa maji, kisha anarudi kwa komunyo akiwa mnyenyekevu, na matope mabichi kwenye viatu.

Mzee Shabani alipenda sana. "Hilo la matope kwenye viatu umelitoa wapi?"

"Nimebuni tu," nikamjibu kwa majivuno.

Tatizo likawa nani aigize. Kijijini hakuna aliyekubali. Walikumbuka kwamba mlinzi wa shule, tangu mchezo ule wa kwanza, watoto walikuwa wanamwita Mwizi na duka lilikuwa limemnyima sukari ya mkopo. Mzee Shabani akasema ataigiza yeye. Nikamkumbusha kwamba yeye ni Mwislamu na mhusika ni Mkatoliki.

"Kikohozi hakina dini," akasema. "Wewe nifundishe tu wanasimama saa ngapi na kukaa saa ngapi."

Padre nilimwomba ruhusa kwanza, maana sikutaka kuhamishwa parokia. Alisoma, akauliza jambo moja tu: "Hayo mahubiri wanayoyakimbia, ni yangu?" Nikamwambia ni ya padre wa kubuni. Akaonekana kupata nafuu.

Nikiwa hapo, niwape mambo machache ya kazi kabla sijasahau, maana ninyi mnaigiza mbele ya simu, na simu haichoki, haisinzii wala haiondoki kwenda kunywa mbege. Hadhira ya mlimani inaondoka. Mchezo wa uwanjani uanze mara tu Misa inapoisha, watu wakiwa bado wamevaa vizuri na wana aibu. Ukichelewa saa mbili, nusu yao wako kilabuni na nusu nyingine wamewafuata kuwarudisha. Usisimame na migomba nyuma yako siku ya upepo; majani yatakula maneno yako yote. Mwigizaji akisahau maneno, mfundishe kufanya kazi ya mikono, afunge kamba, ashone kifungo, watu watadhani anawaza. Na tumia vitu halisi. Tulipohitaji jembe tuliazima jembe la mtu, na lilipotokea jukwaani, mwenyewe alipiga kelele kwa fahari, "Hilo ni langu!" Siku hiyo alifuatilia mchezo kwa makini kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Basi, Jumapili ile. Uwanja wa shule, benchi moja, mfongo tuliochora kwa chokaa. Hakuna altare, hakuna padre, ni Mzee Shabani peke yake ndani ya koti alilolishona mwenyewe. Alikaa akawasalimia majirani wasioonekana. Akamsaidia bibi mmoja kutafuta ukurasa wa wimbo. Akampisha mtu mwenye mtoto. Watu wakaanza kutabasamu, wanawake wakasema, "Mzee wa watu!" Kisha kikohozi. Kilianza kidogo, kooni, kama mtu anayeomba radhi. Kikakua. Akatoka ameinama, na watu wakamwambia pole kwa sauti, kwa dhati kabisa.

Alipofika kwenye chokaa akanyooka. Kikohozi kikakatika papo hapo. Uwanja ukapasuka kwa vicheko.

Akafungua mdomo wa maji akiongea na migomba yake: "Kunyweni haraka, wanangu, padre kashafika kwenye 'ndugu zangu, kwa kumalizia'." Halafu akayageukia maji, akayasemesha kwa upole: "Na wewe usiseme nimekuiba. Umepita mwenyewe mlangoni kwangu. Mgeni anapita mlangoni hakaribishwi?"

Vicheko vikaendelea, lakini nilikuwa nimesimama pembeni nikiwatazama, nikaona kitu. Wanawake walicheka. Watoto walicheka. Watu wa chini walicheka mpaka wanafuta machozi. Ila baadhi ya wanaume wa juu na wa katikati walikuwa wanacheka kwa mdomo tu, na macho yao yalikuwa yanatafuta pa kukaa.

Mwisho wa mchezo Kiriba anatoka kanisani, anakutana na bibi wa chini, naye asiyeonekana, mwenye ndoo tupu. Anampokea ndoo, anambebea, anatembea naye polepole. "Pole sana, mama," anamwambia, na sauti ya Mzee Shabani ilikuwa na huruma ya kweli. "Hivi haya maji huwa yanaenda wapi?" Akakohoa kidogo, wakaondoka. Basi. Hakuna mgambo, hakuna ujumbe.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinuka kimya kimya wakatawanyika. Baba mkwe alipita mbele yangu akaniambia tu kwamba jua ni kali. Nilimgeukia Mzee Shabani kwa hasira. "Umeona? Tumeharibu."

Yeye alikuwa anakunja koti lake. "Subiri kesho," akasema.

Kesho yake, ofisini, kabla sijafuta meza upande wangu, akaingia wa kwanza. Mzee mmoja wa juu, amevaa kofia yake ya siku zote, amekasirika hadi kofia inatetemeka. "Wewe binti, kwa nini umemleta mtu wa mjini aje kunidhihaki? Lile koti ni langu. Na ule mwendo ni wangu." Nilimwapia kwamba Mzee Shabani hajawahi kumwona. Hakuamini.

Wa pili akaja kusema kikohozi ni chake. Alikohoa hapo hapo kunithibitishia, na kwa kweli kilifanana. Wa tatu alidai maneno yale ya mgeni kupita mlangoni aliyasema yeye, faragha, kwa mke wake, na akataka kujua nani kanipa. Akaondoka kwenda kugombana na mke wake. Wa nne ndiye aliyekuja na fimbo, na afisa mifugo akajificha nyuma ya kabati la chanjo. Lakini huyu hakunipiga. Aliishia kukaa kwenye kiti na kusema taratibu, "Migomba yangu ilikuwa inakufa, mwanangu. Ungefanyaje?" Nikamwagizia chai. Hapo nikakumbuka maneno ya fundi cherehani.

Wa tano ndiye siwezi kumsahau hadi naingia kaburini. Alikuja mchana, mtulivu, na karatasi. Alisema hana ugomvi, amekuja kunisahihisha tu.

"Umeandika kwamba mtu anatoka wakati wa mahubiri."

"Ndiyo, mzee."

"Haiwezekani. Mahubiri ya padre wetu hayazidi dakika kumi. Kutoka kanisani hadi kwenye midomo ya maji ya kule juu na kurudi ni robo saa, ukikimbia. Lazima mtu atoke kwenye somo la kwanza."

Afisa mifugo akatoka nyuma ya kabati ili asikie vizuri. Mimi niliuma kalamu. Mzee akaendelea kueleza, akionyesha kwa kidole kwenye karatasi, njia ya mkato ya nyuma ya shule, mpaka alipofika katikati ya maelezo. Akasimama. Akaikunja ile karatasi mara nne. "Nasema kama ingekuwa mtu," akasema, akatoka bila kuaga.

Vijana, nilitunga mwizi mmoja, wakajitokeza watano. Katika mchezo wangu mbaya kila mtu alimwona jirani yake. Katika ule mzuri kila mtu alijiona mwenyewe, akachukia, akaja kunilalamikia kwamba nimemchora vibaya. Mkitaka kuendelea kusema sanaa ni kioo, semeni, lakini mkae mkijua kwamba mtu hashukuru kioo.

Jumapili iliyofuata kanisani hakuna mtu aliyekohoa. Nilikuwa nimekaa kwenye kwaya, mbele, nikasikia ukimya ambao sijawahi kuusikia kwenye nyumba ile. Kulikuwa na mzee mmoja wa chini, mgonjwa wa kifua tangu ujana wake, mtu asiye na hatia yoyote. Alikaa ameziba mdomo, uso umevimba, machozi yanamtoka, na jirani zake wanamtazama viatu. Padre wetu, maskini, alidhani ni Roho Mtakatifu. Hajawahi kusikilizwa namna ile. Alihubiri dakika arobaini. Hakuna aliyethubutu kuinuka hata kwenda kujisaidia.

Misa ilipokwisha sikungoja. Nilivuka barabara hadi kwenye daraja dogo la mfongo, na maji yalikuwa yanashuka yamejaa, yamebeba majani na takataka za wiki nyingi, yanaelekea kwa mama yangu. Nilipiga vigelegele peke yangu pale darajani. Nilijiona mkubwa. Nilikuwa tayari nahesabu wezi wangu watano na namna nitakavyoisimulia hadithi hii kwenye semina.

Nikafika nyumbani, nikaweka mtori jikoni, nikaketi kwenye kigoda kusafisha viatu vya Baba mkwe kama kila Jumapili. Nikachukua kijiti changu cha kukwangulia matope. Nikageuza kiatu cha kulia. Nikageuza cha kushoto.

Vilikuwa safi.

Nilikaa na kile kijiti mkononi. Mtori ukaanza kushika chini. Kila Jumapili ya ukame ule, ardhi imepasuka hadi mjusi anatumbukia, mimi nilikuwa nakwangua matope mabichi kwenye viatu vya mtu aliyetoka kanisani. Niliyakwangua, nikayatupa kwenye maua, nikaimba. Sikuwahi kujiuliza yametoka wapi. Tena mchicha wetu ulikuwa wa kijani kuliko wa mtu yeyote, na nilikuwa nikiuchuma na kumpelekea mama yangu, na kumwambia, "Kula, mama, upate nguvu."

"Nimebuni tu," nilimwambia Mzee Shabani. Sikubuni. Mikono yangu ilikuwa inajua kila kitu. Ni mimi niliyekataa kuambiwa. Wezi walikuwa watano waliokuja ofisini, na wa sita hakuja. Wa saba ni mimi niliyekuwa namfutia nyayo.

Nilipoinua macho, Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, miguu mitupu, ananitazama na viatu vyake. Alikuwa mtu mzima sana ghafla. Akageuka akaenda mpakani mwa kihamba. Nikamsikia anakata jani.

Wale mliozaliwa mjini, kwetu mpakani tunapanda masale, na jani la isale ndilo la kuombea msamaha. Ukimpelekea mtu isale hawezi kulikataa, awe amekasirika vipi. Mzee hawezi kulikata kwa mchezo. Alirudi nalo amelishika kwa mikono miwili.

"Mama yako atakuwa nyumbani?" akauliza.

Tulishuka pamoja tukifuata mfongo, yeye mbele, mimi nyuma, nimebeba mkungu wa ndizi kichwani. Mara mbili alisimama kana kwamba anarudi. Maji yalikuwa yanashuka pembeni yetu kwa kelele, nayo yalifika kabla yetu.

Tulimkuta mama ameinama kwenye mdomo wa mfereji wake, jembe mkononi, sketi ameikunja, anayaongoza maji kwenye mgomba mmoja baada ya mwingine kama anayegawa chakula kwa watoto. Alipotuona akanyooka. Baba mkwe alivua kofia. Alimpa jani, akafungua mdomo, na kilichotoka badala ya maneno ni kikohozi.

Mama alilipokea lile isale. Akalitazama, akamtazama yeye, akaitazama miguu yake, maana alikuwa amekuja peku.

"Jani nimelipokea, mzazi mwenzangu," akasema. "Lakini migomba hainywi majani. Jumapili ijayo nani atalinda maji?"

"Mimi," akasema Baba.

"Na Misa?"

"Nitakwenda ya kwanza, ya alfajiri."

Mama akacheka kwanza. Akacheka hadi akashikilia jembe, na Baba akacheka huku anafuta macho, na mimi nikaweka mkungu chini nikalia kwa sauti, na hakuna aliyenibembeleza kwa sababu wote wawili walijua nalilia nini.

Mama hakwenda Dar. Amezikwa pale pale, karibu na baba yangu, na mgomba ule wa kaburini bado unazaa, sasa hivi una mkungu. Baba mkwe alilinda maji ya Jumapili miaka yote iliyobaki ya maisha yake, na wale watano walipokezana naye. Mzee Shabani alipata wateja wapya wa makoti.

Mtihani ukija, andikeni kuelimisha, kuburudisha na kuonya, mpate vema zenu. Mimi nilipata yangu. Ila mjue kwamba tangu Jumapili ile, kila nilipokwenda kuchukua viatu vya Baba ili nivisafishe, nilivikuta vimeshapangwa juani, vinang'aa. Hadi anafariki alivisafisha mwenyewe.